Hiace ya daladala kuwa nyumba ya porini: malizana na joto kabla ya kununua inveta

SWALI: Nina Hiace ya dizeli, ile ndefu yenye paa la juu, iliyokuwa daladala hapa Morogoro. Viti nimeshavitoa. Mimi na mke wangu tumestaafu, tunataka tuigeuze iwe nyumba ya safari: tulale humo, tupike, tuwe na friji ndogo, taa, na umeme wa kuchaji simu na kompyuta, tuweze kukaa siku tatu au nne bila kutafuta pa kuchomeka. Fundi amenipigia hesabu ya betri mbili za N100, inveta ya wati 3000 na paneli mbili za wati 200. Je, ninunue? Na ndani nianzie wapi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Paneli nunua. Inveta hiyo na betri hizo, mwambie fundi azifute kwenye hesabu. Ila hata paneli zisubiri kwanza, kwa sababu kuna kazi inayotangulia umeme, na ukiiruka umeme wote utaishia kwenye feni.

Nadhani wewe na fundi mmetazama video zilezile tunazotazama wote: vijana wa Ulaya na Marekani wanajaza vani za Sprinter au Ducato pamba ya kuzuia baridi, wanafunga hita ya dizeli, wanainua paneli zielekee jua lililolala upande mmoja wa anga. Wanapigana na theluji. Wewe wa Morogoro adui zako ni joto, vumbi na barabara ya changarawe. Karibu kila uamuzi unabadilika ukishalikubali hilo.

Anza na vioo. Daladala ina vioo pande zote, na mchana joto kubwa linaingia kupitia hapo kuliko kupitia bati la ubavuni. Mafundi bodi wengi watakushauri muondoe vioo na kuchomelea bati. Usikubali: mshono wa kuchomelea kwenye ubavu wa gari unaanza kutu mapema, na unapoteza madirisha ya kuteleza ambayo utayahitaji usiku. Acha vioo, kisha kata vipande vya sponji yenye karatasi ya fedha upande mmoja, kila kipande saizi ya dirisha lake, uvibandike kwa vikombe vya mpira. Vikikaa upande wa nje vinafanya kazi vizuri zaidi, maana jua linarudishwa kabla halijagusa kioo. Ukivibandika ndani tu, kioo chenyewe kinakuwa pasi.

Paa lipake rangi nyeupe kama si jeupe. Kwa ndani bandika ile sponji nyeusi ya mpira ambayo mafundi wa AC wanafungia mabomba. Inauzwa pia kwa shiti, na unene wa milimita 20 unatosha. Faida yake ni kwamba haipitishi mvuke. Pamba ya kioo iache. Mkilala watu wawili ndani ya gari lililofungwa, pumzi zenu zinageuka maji kwenye bati baridi, na mkipanda Lushoto au Kitulo mwezi wa sita mtaamka paa linadondosha matone. Pamba inayanyonya maji hayo, inayakumbatia, na bati linaoza mahali usipoliona. Kabla ya kubandika chochote, ng'oa mapambo yote ya zamani, tafuta kutu, kwangua mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha mwagia gari maji ya bomba kwa nusu saa huku mtu akiwa ndani na tochi. Daladala iliyofanya kazi miaka mingi haikosi pa kuvujia.

Halafu hewa. Feni ya paa ya volti 12 inayosukuma hewa nje ni fedha iliyotumika vizuri kuliko kitu kingine chochote utakachofunga juu ya gari hilo. Ifunge karibu na kichwa cha kitanda, kisha ufungue dirisha moja la chini upande wenye kivuli, lenye wavu wa mbu. Hewa inaingia pale na kutokea juu, inapita juu ya miili yenu. Kwa mwendo wa chini feni ya namna hii inakula wati 10 hadi 15 tu. Tundu lake ukate kwa uangalifu, kingo uzipake rangi kabla ya kufunga, na uzibe kwa gundi ya polyurethane ya magari. Silikoni ya bafuni haistahimili mtikisiko na haishiki rangi.

Na jambo dogo ambalo hutalisikia kwenye video zao: mbung'o wanavutiwa na rangi ya buluu na nyeusi. Kama njia zenu zitapita Mikumi, Saadani au Tarangire, msichague turubai la kivuli la buluu. Khaki au kijani iliyofifia itawapa amani.

Sasa umeme. Orodhesha kila kitu, andika kinakula wati ngapi na kinafanya kazi saa ngapi kwa siku, kisha zidisha: jibu ni wati-saa. Nimewafanyia makadirio. Friji ya kompresa ya volti 12, ya lita 45 hivi, inakula kama wati 45 inaponguruma, na kwa joto la Morogoro itanguruma karibu nusu ya siku: wati-saa 540. Feni ya paa usiku mzima, 135. Taa tatu za LED kwa saa nne, 60. Kompyuta ndogo, 120. Simu mbili, 30. Jumla ni 885, tuseme 900 kwa siku. Ona kwamba friji peke yake imekula zaidi ya nusu. Ndiyo maana swali la friji ni muhimu kuliko la inveta: ukinunua ile ya kawaida ya nyumbani ya volti 220, au kile kisanduku cha bei rahisi kinachopoza bila kompresa, hesabu yote inavurugika. Hicho kisanduku kinakula umeme muda wote na joto likizidi kinashindwa kazi.

Tuje kwenye inveta ya wati 3000. Ikiwa imewashwa tu, bila kifaa chochote, inveta kubwa namna hiyo inaweza kula wati 20. Zidisha kwa saa 24: wati-saa 480. Unalisha friji ya pili ambayo haipozi kitu. Na siku utakapoamua kuitumia kwa nguvu zake zote, itavuta zaidi ya ampea 250 kutoka kwenye betri ya volti 12, mkondo unaotaka nyaya nene kama kidole, na ukikosea unachoma gari. Kwani unataka kuchomeka nini? Birika la umeme? Maji ya chai chemsha kwa gesi. Friji, taa, feni na pampu vyote vinaenda moja kwa moja kwa volti 12, simu kwa USB, na kompyuta za siku hizi nyingi zinachaji kwa USB-C. Kichajio cha volti 12 cha wati 65 au 100 kinatosha. Kama mama ana cherehani au wewe una kifaa cha lazima cha 220, chukua inveta ya wati 300 hadi 500, ya wimbi safi (umeme wake ni kama ule wa nyumbani), na uizime ukimaliza.

Betri za N100 ni za kuwashia injini. Bamba zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache na kujazwa tena papo hapo. Ukizishusha chini ya nusu kila usiku zitakufa mapema, kwa hiyo katika AH (ampea-saa) 200 za betri hizo mbili ungekuwa na 100 tu za kutumia, sawa na wati-saa 1200. Zina asidi, zinatoa gesi zikichaji, na kila moja ina kilo zaidi ya 20. Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, ile inayoandikwa LiFePO4, ya volti 12.8 na AH 200 ina wati-saa 2560, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani kama 2050. Hiyo ni siku mbili na zaidi bila jua lolote. Bei yake mwanzoni inauma, sikatai. Kama mfuko haufiki, nunua ya AH 100 sasa na uache nafasi na nyaya tayari kwa ya pili ya aina ileile. Msichanganye lithiamu na asidi kwenye mfumo mmoja.

Paneli mbili za wati 200 zinawatosha. Kwetu jua linapita karibu na utosi, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya keria inafanya kazi karibu sawa na iliyoinuliwa; hata Juni, jua likiwa limeegemea kaskazini, hasara ya saa sita mchana kwa Morogoro ni kama asilimia 13. Hesabu yangu: wati 400 mara saa 5 za jua zuri, kisha toa asilimia 30 ya joto, vumbi na nyaya, unabaki na wati-saa 1400. Siku ya mawingu mazito pengine mtapata theluthi. Joto lenyewe ni hasara: paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi 25, na ikiwa kwenye jua kali inafika 60 kirahisi. Basi usiibandike kwenye bati. Inyanyue sentimita 4 au 5 hewa ipite chini, na kivuli chake kitapoza paa pia. Kontrola, kile kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri, iwe ya MPPT, ile inayovuna umeme mwingi zaidi kwenye paneli, na kwenye mipangilio yake uchague lithiamu.

Kuna mgongano mmoja mtaukuta kambi ya kwanza tu. Nyie mnataka mwembe, paneli zinataka jua. Tawi moja likitupa kivuli kwenye kona ya paneli, umeme wake wote unaporomoka, si ile kona tu. Dawa ni paneli ya tatu ya kubeba, wati 100, yenye waya wa mita 10: gari linakaa kivulini, paneli inalala juani.

Chanzo cha pili ni altaneta. Usiunganishe lithiamu na betri ya injini kwa rilei tupu; lithiamu inavuta mkondo mwingi mno na altaneta inaungua. Weka chaja ya DC kwa DC ya ampea 30, kifaa kinachokaa katikati na kupima mkondo unaoingia kwenye lithiamu. Itaingiza karibu wati 400, kwa hiyo mwendo wa saa nne kuelekea Iringa unarudisha 1600, zaidi ya mnachokula kwa siku. Kwa watu wanaohama kila baada ya siku mbili au tatu, chaja hii inaweza kuwa na faida kuliko paneli ya pili.

Betri uiweke wapi? Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, na joto lake unalijua kuliko mimi. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa za moto, nyingi zinajizima zikipita nyuzi 45 au 55 kutegemea mtengenezaji. Kwa hiyo isiwe karibu na injini, wala kwenye sanduku lisilo na tundu. Iweke chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, imefungwa kwa mkanda wa chuma kwenye sakafu.

Nyaya ndipo mafundi wa mjini wanapobana pesa. Chukua friji iliyo mita tano kutoka kwenye betri, tuseme inavuta ampea 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Kwa waya wa 1 mm (milimita ya mraba) utapoteza volti 0.86 njiani. Betri imejaa, lakini friji inaona volti pungufu, inadhani betri inakufa, inajizima, nyama inaharibika. Kwa waya wa 2.5 mm upotevu unashuka hadi 0.34. Waya uwe wa nyuzinyuzi, ule mgumu wa ndani ya kuta za nyumba unakatika kwa mtikisiko. Kila waya wa chanya uwe na fyuzi yake mwanzoni, karibu na betri. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ampea 15 kwa ule wa 2.5, na fyuzi kuu ya ampea 100 kwenye betri yenyewe.

Na simama karibu fundi anapofunga terminali. Wengi wanapenda kuzichomelea kwa risasi. Inaonekana nadhifu, ila risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya utakapokatikia barabara ikiutikisa. Terminali ibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha uivute kwa mkono kwa nguvu zako zote. Ikichomoka, ibanwe upya. Mwisho inavalishwa mpira unaosinyaa kwa moto. Koleo la kawaida la kukatia misumari halifanyi kazi hii, hata kama fundi ana miaka 30 kazini.

Kwenye mbao, zuia mkono wako usiende kwa mninga. Mninga ni wa kitanda cha nyumbani. Tumia plaiwudi na paini ya Sao Hill, iliyokauka vizuri. Shiti moja la plaiwudi ya milimita 12 lina kilo 20 hivi, kwa hiyo ukitumia sita tayari umepakia watu wawili. MDF usiiguse, unyevu unaivimbisha. Kitanda kilale kwa urefu wa gari: hata hiyo Hiace pana ina mita 1.88 kwa nje, ukitoa bodi na sponji mtu mrefu halali kwa upande bila kukunja magoti. Usitegemee skrubu peke yake. Rasta na matuta zinaifungua polepole mpaka kabati linaanza kuimba. Tumia bolti zenye nati za plastiki ndani, na gundi kwenye viungo.

Uzito wote uugawe kulia na kushoto, vizito chini. Kwa nyuma Hiace ina springi za majani, na kuongeza jani moja ni kazi ya kawaida gereji, ila fanya hivyo baada ya kumaliza ujenzi na kuona gari limekaaje. Ukiongeza mapema litawapiga viuno. Tairi ziwe za mizigo, 8PR.

Vumbi huingia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa gari likienda kasi hewa ya nyuma yake inavuta. Badilisha mpira wa mlango, na kwenye barabara ya vumbi funga madirisha yote huku feni ya dashibodi ikivuta hewa ya nje. Msukumo wa hewa ya ndani unazidi kidogo ule wa nje, na vumbi linakosa njia. Madereva wa zamani wa safari wanaijua hii.

Mpike nje. Meza ya kuvuta chini ya mlango wa nyuma, jiko la plati mbili, mtungi wa kilo 6. Mlango wenyewe ukifunguka juu ni paa la mvua. Mtungi ukisafiri ndani, uwe kwenye sanduku lililozibwa kwa upande wa chumba na lenye tundu la kutokea chini ya gari, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa sakafuni na kusubiri cheche. Mkaa usiingie ndani ya gari hata kwa dakika moja, hata ukiwa umebaki majivu mekundu tu, hata Kitulo kukiwa na baridi ya kung'ata. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na imewaua watu wengi vyumbani, sembuse kwenye gari. Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi, ndiyo hiyo hewa ya sumu, ukifunge usawa wa mto, na kingine cha gesi usawa wa sakafu.

Maji ni hesabu fupi: lita 10 kwa mtu kwa siku ni anasa ya kutosha, kwa hiyo madumu manne ya lita 20 yanawatosha siku nne. Ni kilo 80, basi yakae karibu na ekseli. Pampu ya mguu haina umeme wala haina cha kuharibika. Choo ni ndoo yenye mfuniko unaobana na gunia la maranda.

Makaratasi usiyasahau. Kadi ya gari inaonyesha idadi ya abiria na matumizi. Peleka mabadiliko TRA, leseni ya LATRA ya usafirishaji abiria ifungwe, mstari wa njia ufutwe rangi, na bima iwe ya gari binafsi. Ukipata ajali na bima ikakuta kitanda mahali walipoandika viti 15, kazi ya kujieleza itakuwa yako. Kama mtabeba wajukuu, bakiza viti viwili vyenye mikanda iliyofungwa kwenye chesisi; asikae mtu kitandani gari likitembea. Na ndani ya hifadhi hamlali popote mnapopenda, hata kama barabara kuu inapita katikati kama pale Mikumi. Ni kwenye maeneo ya kambi ya TANAPA, kwa malipo.

Kabla hamjakata ubao wa kwanza, tupieni godoro na jiko kwenye hilo gari tupu mkalale Uluguru mwisho wa wiki. Chukueni chaki mchore sakafuni kitanda, friji na madumu, muone mnagonganaje asubuhi. Mama atakuambia mapema kitu ambacho ungekigundua baada ya gundi kukauka. Kisha nunua friji, iwashe nyumbani siku mbili ikiwa na kipima umeme cha volti 12, joto likiwa la kawaida la kwenu. Ikila chini ya wati-saa 450 kwa siku, paneli ya tatu ya kubeba muiahirishe. Ikipita 700, niandikie kabla hujalipia betri.